Kugandisha, kuunguza au Fenton: njia tatu za umeme kwa majitaka ya kutia rangi nguo

Mwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa anapoulizia mitambo ya umeme ya kusafishia majitaka, huwekewa chupa mbili mezani: moja ina maji ya zambarau yaliyokolea, ya pili ina maji maangavu kama ya kisima kizuri. Chupa hizo huwa za kweli. Shida ni kwamba njia tatu zenye tabia tofauti kabisa zinaweza kutoa chupa ya pili iliyo sawa kwa macho, ilhali uchafu wa ile ya kwanza unaweza kuwa umeishia popote kati ya mahali patatu tofauti: umekusanywa ukawa tope linalotafuta pa kutupwa, au umeunguzwa hadi ukawa kaboni dioksidi na maji, au umevunjwa nusu tu ukabaki humohumo majini bila rangi. Anayechagua mtambo anapaswa kujua kwanza anataka uchafu wake uende wapi, na yuko tayari kulipa nini ili uende huko.

Mfano ninaoutumia ni majitaka ya kutia rangi pamba, iwe ni kiwanda cha khanga na vitenge au karakana kubwa ya batiki, kwa sababu ni mfano mgumu unaofichua nguvu na udhaifu wa kila njia. Rangi za riaktivu, zinazopendwa kwa pamba kwa kuwa hazichuji, hazishiki zote kwenye uzi. Kati ya asilimia 10 na 50 hubaki majini kutegemea aina ya rangi na ukolevu unaotakiwa. Ili zishike, beseni hutiwa chumvi, mara nyingi gramu 40 hadi 100 kwa lita, pamoja na magadi yanayopandisha pH, yaani kipimo cha asidi na ualkali, hadi kupita 10. Na kwa kuwa zimetengenezwa zistahimili jua, sabuni na jasho, zinawastahimili pia bakteria wa bwawa la majitaka, ndiyo maana maji yanaweza kukaa bwawani wiki kadhaa na kutoka yakiwa na rangi ileile yaliyoingia nayo.

## Kabla ya kulinganisha: je, umeme unahitajika?

Maabara hutoa vipimo viwili ambavyo havikosekani katika mjadala huu. COD ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu wote wa kikaboni kwa kemikali kali, na BOD ni oksijeni ambayo bakteria huitumia kwa siku tano wanapoula uchafu huo. BOD ikifikia asilimia 40 hivi ya COD au zaidi, bakteria wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi kwa gharama ndogo kuliko umeme wowote. Majitaka ya kukoboa kahawa mbichi, ya machinjio na ya viwanda vya bia huangukia hapa, na mwenye majitaka ya namna hiyo aanze na mabwawa au matangi ya bakteria.

Hata ndani ya kiwanda cha nguo, maji ya kuondolea wanga kwenye vitambaa ni chakula cha bakteria, wakati maji ya beseni la rangi si chakula chao. Kuyachanganya kwenye mfereji mmoja kisha kuyapitisha yote kwenye elektrodi, yaani sahani zinazopitisha umeme majini, ni kulipia uniti za umeme kwa kazi ambayo kiumbe hai angeifanya kwa gharama ya pampu ya hewa. Ningemshauri kila mwenye kiwanda atenganishe mifereji kabla hajazungumza na muuzaji yeyote wa mtambo.

Jambo la pili ni maji yanakoelekea. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi COD ya miligramu 50 kwa lita na BOD ya 30. Za Tanzania za mwaka 2007 zinataka COD isizidi 60 na BOD 30. Viwango vya kumwaga kwenye mabomba ya majitaka ya mji vimelegea zaidi. Kiwanda kinachomwaga mtoni na kile kinachomwaga kwenye bomba la mji vinaweza kuwa na majitaka yaleyale na bado vikahitaji mitambo miwili tofauti.

## Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inavyofanya kazi na inakoupeleka uchafu, umeme na vifaa inavyokula, maji yanayoifaa, hasa kwa chumvi na pH, mabaki na hatari zake, na mtu inayemfaa. Kwa upande wa umeme nitahesabu kwa uniti, yaani kilowati-saa, kwa kila mita ya ujazo ya maji, maana hapo ndipo ankara ya mwisho wa mwezi inapotoka. Hesabu hizo zinatokana na kanuni ya Faraday, inayosema kwamba kiasi cha umeme unaopita ndicho huamua kiasi cha kitu kinachobadilika, pamoja na volti ninazozitaja. Si ahadi ya mtambo wowote.

## Njia ya kwanza: mgandisho wa umeme

Inavyofanya kazi. Watu wengi wamewahi kuona maji ya mtoni yakitulizwa kwa shabu, na wengine kwa mbegu za mlonge. Mgandisho wa umeme ni kazi ileile ya shabu, isipokuwa dawa haitoki kwenye gunia. Sahani za chuma au alumini hutumbukizwa majini na kuunganishwa na mkondo mnyoofu (DC). Anodi, yaani sahani ya upande chanya, hujiyeyusha na kutoa ayoni za metali (chembe ndogo zenye chaji), kathodi, ya upande hasi, hutoa hidrojeni na kuyafanya maji yaelekee ualkali, na viwili hivyo vikikutana hutengeneza hidroksidi yenye nyuzinyuzi inayonasa chembe za rangi, mafuta na vumbi la pamba. Mapovu ya hidrojeni huinua baadhi ya madonge hayo juu, mengine huzama. Wazo hili si geni: sahani za chuma zilijaribiwa kwa umeme kwenye majitaka ya London mwaka 1889. Uchafu hauteketei, unahamishwa kutoka majini kwenda kwenye tope.

Umeme na vifaa. Ampia-saa moja huyeyusha takriban gramu 1.04 za chuma au gramu 0.34 za alumini. Tukidhani maji yanahitaji gramu 300 za chuma kwa mita ya ujazo, hizo ni ampia-saa 288 hivi, na kwa volti 8 matumizi ni uniti 2.3. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo volti zinaweza kushuka zaidi. Sahani ndizo dawa yenyewe, kwa hiyo huisha na lazima zinunuliwe tena; habari njema ni kwamba fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuzikata. Zisiwe za bati lililopakwa zinki wala rangi, kwa kuwa zinki nayo itayeyuka na kuongeza metali majini. Baada ya muda sahani hufunikwa na gamba linalozuia umeme, na dawa yake ya kawaida ni kubadilisha upande wa mkondo kila baada ya dakika kadhaa na kuziosha kwa asidi nyepesi.

Maji yanayoifaa. Njia hii hung'ara pale uchafu usipoyeyuka kabisa. Watia batiki wanaotumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na haidro (unga wa sodiamu haidrosalfaiti) wana bahati hapa, kwa kuwa rangi hizo zikishakutana na hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, na chembe hunaswa vizuri. Mafuta, damu na protini nazo hunaswa, ndiyo sababu mgandisho umevuta macho ya machinjio na wasindikaji wa samaki. Kwa rangi za riaktivu, ambazo zimeyeyuka kikamilifu, rangi yenyewe mara nyingi hupungua sana, lakini COD hubakia juu, kwa sababu sabuni na viambata vingine vilivyoyeyuka havina sababu ya kushikamana na madonge. Alumini hufanya vizuri karibu na pH ya kati. Kwenye maji ya pH 10 na zaidi hidroksidi yake huanza kuyeyuka upya, kwa hiyo hapo chuma ni salama zaidi.

Mabaki na hatari. Gramu 300 za chuma hugeuka zaidi ya nusu kilo ya tope likipimwa kavu, kabla hata ya kuhesabu uchafu ulionaswa. Kiwanda cha mita za ujazo 100 kwa siku kitakuwa na kilo 57 za hidroksidi kavu kila siku, na hata baada ya kukamuliwa hadi robo yake iwe yabisi, ni zaidi ya kilo 200 za tope lenye rangi. Tope hilo si mbolea, na kulimwaga nyuma ya ukuta ni kuurudisha uchafu mtoni mvua ya masika ikishuka. Mwenye kiwanda ambaye hajui tope litakwenda wapi hajamaliza kuchagua.

Inamfaa nani. Mwenye bajeti ndogo, fundi wa kawaida na uchafu wa chembechembe. Au kiwanda kinachotaka hatua ya awali kabla ya nyingine, na chenye mahali halali pa kupeleka tope.

## Njia ya pili: uoksidishaji kwenye anodi

Inavyofanya kazi. Hapa anodi haiyeyuki. Maji yanapovunjwa juu ya uso wake huzaliwa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli ya maji visivyotulia, ambazo zina nguvu ya uoksidishaji, yaani ya kuunguza kwa kemia, ya volti 2.8, zaidi ya ozoni na klorini, na hushambulia karibu kila molekuli ya kikaboni iliyo karibu. Lakini anodi zimegawanyika katika koo mbili, na tofauti yake, aliyoifafanua mtaalamu wa kemia ya umeme Christos Comninellis katika kazi yake ya mwaka 1994, ndiyo inayoamua kama pesa yako inapotea. Katika ukoo wa kwanza, kama titaniamu iliyopakwa oksidi za rutheniamu na iridiamu, radikali hushikamana na uso wa anodi, na nguvu yake huvunja molekuli nusu tu. Katika ukoo wa pili, ambao mashuhuri wake ni almasi iliyotiwa boroni, radikali hukaa huru juu ya uso na kuunguza molekuli hadi mwisho.

Hilo halimaanishi kwamba titaniamu haina kazi. Maji yakiwa na chumvi ya mezani, anodi hiyo hutengeneza klorini, nayo klorini huondoa rangi haraka na kuibomoa amonia. Ni teknolojia ileile ambayo viwanda vya kuzalisha klorini vimeitegemea kwa miongo mingi, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya almasi.

Umeme na vifaa. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo. Ampia-saa moja, hata elektroni zote zikifanya kazi, haiwezi kuondoa zaidi ya gramu 0.3 za COD. Kuondoa kilo moja ya COD kunahitaji angalau ampia-saa 3,350. Kwa volti 5, ni uniti 17 hivi. Kiuhalisia elektroni nyingi huishia kutoa oksijeni, na theluthi moja tu ikifanya kazi uliyoikusudia, kilo hiyo inakula uniti 50. Maji yenye COD ya miligramu 1,500 kwa lita yana kilo 1.5 kwa mita ya ujazo, yaani uniti 75. Linganisha na zile 2.3 za mgandisho, huku ukikumbuka kwamba mgandisho haukuteketeza kitu.

Tena ufanisi hushuka kadiri maji yanavyosafishika. Molekuli zinapokuwa chache, hazifiki kwenye anodi kwa kasi ya kutosha, na mkondo unaoendelea kusukumwa huvunja maji matupu. Ni kama kuwaita wapakiaji hamsini bandarini kwa mizigo mitano. Mtambo ulioundwa vizuri hupunguza mkondo hatua kwa hatua COD inaposhuka. Muuzaji anayekuonyesha mtambo wa mkondo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho aulizwe swali hili bila kuona haya.

Maji yanayoifaa. Maji machache, makali, yenye chumvi, yasiyoliwa na bakteria: hayo ndiyo yake. Beseni la rangi lililotenganishwa na maji ya kusuuzia linaingia hapa vizuri, vivyo hivyo maji meusi yanayovuja kutoka madampo ya zamani, yenye amonia na kloridi kwa wingi. pH si kikwazo kikubwa. Njia hii hufanya kazi hata kwenye ualkali wa beseni la rangi.

Mabaki na hatari. Tope ni kidogo sana au halipo, na hiyo ni faida kubwa. Deni lake linaonekana kwingine. Kloridi ikiwa nyingi, klorini hujiunganisha na mabaki ya rangi na kutengeneza misombo ya kikaboni yenye klorini, ambayo baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Na juu ya almasi kloridi inaweza kusukumwa hadi klorati na perklorati, misombo ya klorini na oksijeni yenye madhara. Maji yanaweza kutoka maangavu huku yakiua samaki. Vilevile, seli (chombo chenye elektrodi) ya ampia 1,000 hutoa takriban lita 450 za hidrojeni kwa saa, na hidrojeni huweza kuwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa ya chumba. Paa lenye upenyo na feni ni sehemu ya mtambo, si nyongeza.

Inamfaa nani. Mwenye maji machache yenye sumu kali, asiye na pa kutupa tope, mwenye umeme wa uhakika na uwezo wa kulipia vipimo vya maabara kila mara.

## Njia ya tatu: Fenton ya umeme

Inavyofanya kazi. Mwaka 1894 mkemia Mwingereza Henry Fenton aliandika jinsi chuma na peroksidi ya hidrojeni vinavyooksidisha asidi ya tartariki. Baadaye ilieleweka kwamba mchanganyiko huo huzalisha radikali zilezile za haidroksili. Katika Fenton ya umeme, peroksidi hainunuliwi kwa mapipa: kathodi ya kaboni hupewa hewa, na oksijeni iliyomo hugeuzwa peroksidi papo hapo. Chuma kidogo kilichoyeyushwa, chini ya gramu 30 kwa mita ya ujazo katika mipangilio mingi, hufanya kazi ya kichocheo, na kathodi hukirudisha katika hali yake ya kutumika tena na tena. Tofauti moja yenye uzito ni kwamba radikali hapa huzaliwa kila mahali ndani ya maji, hivyo molekuli haihitaji kusafiri hadi kwenye anodi.

Umeme na vifaa. Mara nyingi volti ni za chini na uniti kwa kilo ya COD hupungua kuliko kwenye anodi ya almasi. Ankara iko kwenye asidi. Mmenyuko huu hupenda pH iliyo karibu na 3, na maji ya rangi huanzia 10 yakiwa yamebeba magadi. Kila gramu ya magadi hudai karibu gramu 0.92 za asidi ya salfuriki. Maji yenye gramu 2 za magadi kwa lita yatakula karibu kilo 1.85 za asidi kwa mita ya ujazo kabla kazi haijaanza. Kuyarudisha maji kwenye pH ya kati baadaye ni nafuu zaidi, kwa kuwa magadi yameshaondoka kama hewa. Kwa hiyo kipimo cha ualkali ni muhimu kuliko namba ya pH peke yake.

Maji yanayoifaa. Maji ambayo tayari ni ya asidi, au yenye ualkali mdogo, na kloridi kidogo. Chumvi ya mezani hapa ni adui: kwenye pH ya 3 kloridi inayofika anodi hutoka kama gesi ya klorini, inayochoma mapafu ya wafanyakazi. Watia rangi wengine hutumia chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu, badala ya chumvi ya mezani. Kwao picha hubadilika kabisa, kwa kuwa salfeti hupitisha umeme bila kuzaa klorini. Ni mfano mzuri wa jinsi uamuzi wa meneja wa rangi unavyomchagulia mhandisi wa maji mtambo wake miaka mingi mapema.

Mabaki na hatari. Chuma kinapotuama mwishoni hutoa tope kidogo, dogo mno kuliko la mgandisho. Asidi fupi kama ya oksaliki hushikana na chuma na kukaidi. Mwanga wa jua husaidia kuzivunja, jambo ambalo katika nchi zetu si gharama. Mfanyakazi anayeshika asidi kali anahitaji mafunzo, glavu, miwani na maji ya kujiosha karibu.

Inamfaa nani. Kiwanda chenye mkemia wa kudumu, kinachoweza kupima pH na chuma kila siku, na chenye rangi ngumu zisizo na kloridi nyingi.

## Hali kwa hali

Ukiwa na karakana ya batiki inayotumia kostiki na haidro, na maji yako yanahesabika kwa mapipa, anza na mgandisho wa chuma, ukishapata ruhusa na mahali pa tope. Paneli za jua hutoa mkondo mnyoofu, kwa hiyo hata pasipo nguzo ya umeme jambo hili linawezekana.

Ukiwa na kiwanda cha rangi za riaktivu kinachomwaga kwenye bomba la majitaka la mji, mgandisho unaweza kutosha kuondoa rangi na kushusha COD hadi kiwango kinachokubaliwa na mamlaka ya maji. Ukimwaga mtoni, peke yake usiutegemee. Kwa maoni yangu, mpangilio wenye busara hapo ni kutenganisha beseni la rangi, kuliunguza kwa sehemu tu kwenye anodi hadi BOD ianze kupanda ukiilinganisha na COD, kisha kuwaachia bakteria waliobadilishiwa mlo wamalize. Uunguzaji wa nusu una sharti lake: rangi nyingi za azo, kundi kubwa la rangi za nguo, zikikatika hutoa amini za aromatiki, na baadhi yake husababisha saratani, kwa hiyo maji hayo yasiachiwe yaishie hatua hiyo.

Ukiwa na chumvi ya mezani kwa wingi, iondoe Fenton kwenye orodha mapema, na uoksidishaji uukubali kwa sharti la kupima misombo ya klorini. Ukiwa na salfeti na mkemia, irudishe mezani. Ukiwa na umeme unaokatika mara kwa mara, kumbuka kwamba bakteria hawapendi kukosa hewa, ilhali seli ya umeme huzimwa na kuwashwa bila kujeruhiwa, mradi uwe na tangi la kuhifadhi maji wakati wa giza.

Na kama bado huna takwimu zozote, usinunue. Chukua maji ya beseni na ya suuza katika vyombo tofauti, kwa siku kadhaa zenye rangi tofauti, upime COD, BOD, kloridi, ualkali na uwezo wa kupitisha umeme; kisha mwambie kila muuzaji ajaribu kwa maji hayohayo mbele yako, na akuandikie ampia, volti, dakika, COD ya mwanzo na ya mwisho, na lita za tope zilizobaki chini ya chombo baada ya saa moja.